Stoo ya Sikudhani

Katika mji wao, ramani ya nyumba haikupewa kibali mpaka kila chumba kichorewe sikio, yaani kifaa kidogo cha ukutani ambacho manispaa ilikitumia kuwasikiliza wakazi. Aliyelia sana alifuatwa na gari, akapelekwa kutulizwa. Sikudhani alikuwa ameshapelekwa mara mbili tangu binti yake afariki.

"Dada Tausi," alimwambia mchora ramani, "nipatie mahali pa kumlilia mwanangu."

Tausi akachora stoo kando ya jiko, finyu kiasi cha kutohesabiwa kuwa chumba. Manispaa ikauliza ni ya nini. Akajibu ni ya unga na mchele. Kibali kikatoka.

Nyumba ilipokamilika, Tausi alikwenda kuitazama. Sikudhani alimkumbatia, akaingia stoo, akafunga mlango. Kilio kilianza chinichini, kisha kikapanda hadi kikasikika sebuleni.

Mumewe, Mchopa, akalitazama sikio ukutani. Akapaza sauti, "Shemeji, vigae hivi umeviona? Vimetupendeza mno!"

Tausi akamwelewa. "Vizuri kweli!" akajibu, akacheka kwa nguvu huku machozi yakimlenga.

Wakasifia vigae, wakasifia madirisha, wakasifia hata rangi ya dari, na Sikudhani alikuwa bado hajanyamaza.