Nani Aliingia kwa Bibie

Anold alimkwida Fidel mbele ya genge la nyanya na kumwuliza, kwa sauti iliyosikika mpaka ng'ambo ya barabara, ni lini alimwingizia Bibie mwanamume.

Wanawake waliokuwa wakichagua nyanya waliacha kuchagua. Wageni wa mtaa wa Viwanja Sitini walidhani ni mambo ya ndoa. Wenyeji walijua kwamba Bibie ni kinyonga.

"Niachie shati," alisema Fidel, fundi baiskeli, rafiki wa Anold tangu shule ya msingi. "Lina viraka vya kutosha."

Anold alikuwa fundi redio, mtu wa miaka arobaini na ushee, na hakuwa na mke. Lawama alijitwisha mwenyewe. Alimwahidi Rosemery kwamba atamwoa baada ya mavuno, ila hakutaja ya mwaka gani. Rosemery alichoka kungoja, akaolewa na mfanyakazi wa reli huko Mlimba. Muziki wa harusi ulipigwa kwa spika alizotengeneza Anold, na watu walimsifu sana kwamba hazikukoroma hata mara moja.

Mwaka wa mvua za Elninyo, maji yalipojaa hadi vibarazani, alimwokota Bibie juu ya bua la muhindi, akiwa mdogo kama njiti ya kiberiti. Akamfugia ndani ya karakana yake, dirishani, nyuma ya wavu. Alipokua, jirani yao Mwalimu Careen, aliyefundisha sayansi, alimkagua shina la mkia na kusema ni jike. Bibi Wilhelmina, mama yake Anold, aliyekuwa amesimama mbali kabisa, ndiye aliyeuliza dume anatambulikaje. Kisha akatema mate chini.

Mama alimwogopa kinyonga kuliko nyoka. Alikuwa tayari kuzunguka nyumba nzima ili asipite mlangoni mwa karakana. Wateja nao hawakuwa mashujaa. Baada ya miezi michache Anold alikuwa amepungukiwa na nzi pamoja na wateja.

"Huyu ndiye mke wangu," alipenda kuwaambia wachache waliothubutu kuingia. "Hataki kitenge, hanuni, wala haulizi nimetoka wapi."

"Mke gani hazai?" mama aliitikia kutoka uani.

"Atazaa na nani, mama? Tangu atoke kwenye yai hajaona mwanamume zaidi yangu mimi."

Kisha Anold akaitwa Mlimba kutengeneza vipaza sauti vya kanisa. Alipanda treni, akamwachia Fidel ufunguo wa karakana ili amkamatie Bibie panzi. Kazi ikachelewa, kifaa kikakosekana. Aliporudi, alimkuta Bibie ana madoa ambayo hajawahi kuyaona. Alipomnyooshea kidole ampande kama kawaida, akafunua mdomo na kumfokea. Anold alicheka. Hata huyu nimemchosha, alijisemea.

Wiki kadhaa baadaye Bibie alichimba ndani ya debe la pilipili lililokuwa chini ya dirisha, akataga.

Mwalimu Careen aliyatazama mayai, madogo na meupe. "Ni matupu," alisema. "Kama ya kuku wa kisasa asiye na jogoo. Usijipe matumaini, kaka Anold."

"Mimi na matumaini?" alisema Anold. "Tulishaachana."

Lakini hakuyatupa. Aliyafukia vizuri, na kila asubuhi akalowesha ule udongo. Akiulizwa, alisema anamwagilia pilipili. Mti wenyewe wa pilipili ulikuwa umekauka siku nyingi.

Msimu wa kulima ukapita, mpunga ukavunwa. Ndipo asubuhi moja udongo ukatikisika. Kikatoka kichwa, kikafuata kingine, na mara vitoto vyembamba vikaanza kuparamia ule mti mkavu, taratibu, kila kimoja kikizungusha macho kama mwenye shamba.

Anold aliketi juu ya redio ya mteja bila kujua. Alilia, na akashangaa kwamba analia. Kisha akashikwa na jambo la aibu zaidi: wivu. Kumbe mtu mzima anaweza kuumia hivi kwa ajili ya heshima ya kinyonga! Alijiona kichekesho, na bado akatoka mbio kwenda kwa Fidel.

"Ufunguo ulikuwa nao wewe!" sasa alimpigia kelele.

"Nilikuwa nao siku ya kwanza tu," alisema Fidel. "Nilimwona yule akinitazama kwa jicho moja, mimi nikatoka nje. Mama yako akaniomba ufunguo. Alisema atafagia mle ndani na panzi atamletea yeye. Akaniambia nisikwambie, eti utamcheka."

Anold akaliachia lile shati. Alilinyoosha kwa viganja, akamwomba rafiki yake radhi mbele ya wote, akarudi nyumbani kichwa chini. Nusu ya wateja wa nyanya walimfuata.

Mama alikuwa uani akipeta mchele.

"Mama," alisema Anold, "uliingiza nini kwenye karakana yangu?"

Ungo haukusimama. "Nilikwenda kijijini Michenga kwa shoga yangu Balbina, akanikamatia dume. Nikambeba kwenye kikapu, roho mkononi, mpaka kwa Bibie. Walipomalizana nikamwachia porini."

"Wewe, mama? Wewe usiyeweza hata kumtazama?"

"Ningefanyaje?" alisema mama. "Miaka yote namtafutia mchumba walau mtu mmoja wa nyumba hii. Wewe ulinishinda, mwanangu, nikamwozesha yeye."