Bega la Yaka

Yaka alishakunywa uji wa muhogo mpaka tumbo likakaza kama ngoma. Mjomba wake akainama na kijiti cha moto amchome mguuni, mahali wanawake wote wanapochomwa na kupakwa sumu ya chura ya kutapisha nuksi.

Yaka akauvuta mguu, akateremsha gauni begani, akamtegea bega.

“We mtoto, umelewa uji? Bega ni la wawindaji.”

“Mume wangu mgonjwa hainuki tena kwenye kitanda cha bembea, Mjomba. Wanangu wale nini?”

“Nuksi hata mguuni inatoka.”

“Mguu hauvuti upinde.”

Mjomba akatazama kaa likififia nchani mwa kijiti. Akalipuliza, likawaka tena.

“Haya, uma meno. Ukimaliza kutapika, upinde wangu uko pale mlangoni.”