Mshororo wa Saba

Hadithi sita zilikwisha kupata majina. Ya saba ilikataa.

Mjane alilipekua daftari kutoka nyuma kuja mbele, akalirudia kutoka mbele kwenda nyuma, kisha akalisukuma katikati ya meza.

"Hakuna tena. Milango imekwisha."

Mhariri alilivuta upande wake. Walikuwa humo ofisini kwake tangu asubuhi, wanawake wawili na kazi ya mtu mmoja. Marehemu aliacha hadithi saba zisizo na majina, na agizo alilolitoa mbele ya mchapishaji: kila jina likatwe kutoka kwenye mashairi yake mwenyewe, yale ya daftarini asiyowahi kuyachapisha, na kila jina liwe na neno mlango. Ndivyo alivyokuwa. Akishikilia jambo, hata kaburi halimlegezi.

Mwanzoni kazi ilikuwa mteremko. "Mlango hauna macho, ila wajua mgeni": hapo wakapata jina la hadithi ya kipofu aliyerudi kwao. "Mlango una kufuli, moyo hauna komeo": wakampa askari wa gereza. Walipofika "Nabisha wangu mlango, kama mgeni wa njia," mjane aliacha kuandika.

"Huu aliuandika lini?"

Mhariri hakuhitaji kutazama. "Mwaka juzi, mwezi wa nane."

"Mwezi wa nane alikuwa nyumbani. Wala hakubisha, funguo alikuwa nazo." Mjane akacheka kidogo, kicheko cha koo kavu. "Haya, tuliandike. Ni jina zuri."

Mhariri alimimina chai. Nyingine ikamwagika kwenye kisahani.

"Mazishini sikukuona," mjane alisema.

"Nilikuwa naumwa, dada. Homa ilinilaza wiki nzima."

"Pole. Watu walifurika, hata wale waliokuwa hawapikiki naye chungu kimoja." Akakizungusha kikombe bila kunywa. "Unajua kilichonimaliza si kifo. Kufa tutakufa wote. Ni zile saa tatu. Mtu unaaga nyumbani asubuhi, unakwenda mji wa watu eti ukaandike kwa utulivu, unapanga chumba, na jua halijazama ushakufa. Moyo ulimshika mchana, akalala sakafuni saa tatu nzima anapumua. Daktari aliniambia bila kuficha: angepatikana mtu wa kupiga kelele tu, angepona."

Mhariri aliweka birika chini. Machozi yalimtoka, hakuyafuta.

"Nyamaza, mdogo wangu. Miaka tisa umezihariri kazi zake, hakuna anayeyajua maneno yake kukushinda. Ndiyo maana nimekuja kwako mwisho."

"Mwisho?"

"Nilianza kwa yule mwalimu rafiki yake. Nikaenda kwa mpiga chapa. Hata mdogo wake nilimuuliza. 'Unakumbuka mshororo wake wowote wenye mlango, ambao haumo daftarini?' Wote wanatikisa kichwa."

"Basi hii tuipe jina lingine. Nani atajua?"

"Alisema mlango."

"Dada, mchapishaji anataka mswada Ijumaa."

"Basi kitabu kitoke na sita." Mjane alizikusanya kurasa za hadithi ya saba, akazigonga mezani zikae sawa, akaanza kuzikunja.

Mhariri alimshika mkono. "Hiyo usiitoe. Hiyo ndiyo roho ya kitabu. Aliiandika upya mara kumi na moja."

"Haina jina."

Chumba cha pili mashine ya chapa ilikuwa ikikohoa. Ilikohoa, ikanyamaza, ikaanza tena. Mhariri alizitazama zile kurasa mkononi mwa mjane kama mama anayemtazama mwanawe akipakizwa kwenye gari la wageni.

"Upo mmoja," alisema hatimaye, kwa sauti ya chini. "Haumo daftarini. Hata sikumbuki nimeusikia wapi. Huenda alipita hapa siku moja akausema."

"Useme."

Mhariri akafumba macho. "Rudisha huo mlango, jua lisituchungue."

Mjane aliandika polepole, neno baada ya neno. "Jua lisi...?"

"Lisituchungue."

"Una hakika? Si 'lisituone'?"

"Nina hakika, dada. Lisituchungue."

"Rudisha Huo Mlango," mjane alisoma. "Naam. Limekaa."

Akazirudisha zile kurasa mezani, akazinyoosha mikunjo kwa kiganja. Kisha akafunika kalamu, akafungua mkoba, akatoa bahasha ya polisi. Ndani yake mlikuwa na kikaratasi kilichokunjwa mara nne. Alikikunjua, akakiweka mbele ya mhariri. Mshororo ule ule, mwandiko wa marehemu, wino haujapauka.

"Walikikuta chini ya mto wa kitanda, kule alikofia. Wiki iliyopita ndiyo wamenipa," alisema. "Kigeuze."

Upande wa pili karani wa nyumba ya wageni alikuwa ameandika tarehe ya siku aliyokufa marehemu, saa ya kuingia, chumba namba nne, watu wawili.