Mtoto wa Makadirio

Siku hizi kila mtoto huandikwa kwenye hifadhidata ya taifa kabla hajaota meno, ama kwa namba kamili ama kwa makadirio. Ambakisye, mume wangu, alitaka kamili.

"Mama Tumpe, mwanangu si wa kukisiwa."

Lakini mimi nilishasoma mambo haya kwenye masomo ya jioni. Mtoto wa namba kamili hupimiwa uji na jiko lenyewe, na mama haruhusiwi kuongeza hata kijiko. Nikachagua makadirio, wala sijajuta. Tumpe namkorogea uji mwenyewe, namwongezea maziwa akicheka, maisha yanaenda.

Jana nilimfuata chekechea. Mlango wa pale hutoa watoto kwa kulinganisha namba. Nilipojitambulisha wakatoka wawili, Tumpe na mtoto mwingine.

"Chukua mmoja, mama," mlango ukasema.

"Na huyu mwingine?"

"Wote ni wa makadirio, tarakimu zao za mwisho zimekatwa. Kwangu wamekuwa mtu mmoja. Yeyote ni sawa."

Nikacheka. Mama gani asiyemjua mwanawe? Tumpe alishaning'ang'ania shingoni, ananukia chungwa. Yule mwenzake nikamfuta kamasi.

"Huyu mama yake anakuja saa ngapi?"

"Mama yake haji. Hufuatwa na kigari kisicho na dereva, saa kumi na moja. Kinachukua ninayekipa."

Tumpe alikula vizuri, akalala. Nina furaha, kusema kweli. Ila leo nimeomba kazini niwe natoka saa kumi.