Viatu vya Sufu

"Mtandao umejaa, dada," fundi alimnong'oneza Ralitsa. "Kompyuta yako mpya haiingii mpaka nitoe nyingine. Nitoe ya nani?"

Bosi alishatangaza: ambaye hatakuwa mtandaoni kufikia mchana, asirudi tena kazini.

Mama wa meza ya jirani alikuwa akimkatia banitsa, mkate wa tabaka wenye jibini. "Kula kwanza, mwanangu. Mashine haikimbii."

Ndiye aliyemfumia viatu vya sufu alivyokuwa amevaa, miguu isigande kwa baridi ya mji wa Plovdiv.

Ralitsa aliificha miguu chini ya kiti. Akapokea kipande, akatafuna, akameza. Kisha akainua kidevu kuelekea meza ya mama.

Fundi akabofya.

"Ralitsa, mwanangu," mama akaita, akifuta makombo vidoleni, "hebu njoo unitazamie. Yangu imekataa ghafla."