Majaribio Yote kwa Pamoja

Nilipobonyeza kitufe, laptopu ya ofisi ilianza kuvuma kama mashine ya kusaga unga. Bosi alitaka majaribio ya programu yetu yakimbie yote kwa pamoja, si moja baada ya jingine, ili tuache kungojangoja.

Shida ni kwamba mimi nilipenda kungoja. Majaribio yakianza, mashine haiguswi, kwa hivyo mimi na Aluoch, mwenzangu wa kazi, tulikuwa tunatoka kuota jua kwenye ngazi, tukiwachambua wapita njia wote wa mtaa wetu wa Mbotela. Mimi sikuwahi kumwita nje. Majaribio ndiyo yaliyotuita.

Leo alikuwa ametangulia. Kabla sijainuka, skrini ikawa kijani. Yamepita yote, bila kosa.

"We, mbona hutoki?" akaita.

"Yameisha."

"Yameisha aje?"

Akaja kuhakikisha, akainama begani pangu. Msuko wake mmoja ukateremka, ukalala kwenye mkono wangu, ungali na joto la jua. Sikuusogeza mkono.

"Kazi safi, fundi," akasema, polepole mno. "Umetumaliza."

"Bosi atafurahi."

"Kwani nimekuuliza bosi?" Msuko bado ulikuwa pale. "Sasa itabidi uniite mwenyewe, bila kisingizio. Haya, niite nikuone."

Mdomo wangu, ambao mtaa mzima unaulalamikia, ukatoa maneno matatu tu: "Aluoch, twende nje."

Nikafunga laptopu.