Kadi Inayokuita kwa Jina

Mlango mmoja, lakini humwita kila mgeni kwa jina lake: ni nini? Ni kadi ya harusi ya simuni, kazi ya Mashavu, fundi wa kadi za mtandaoni. Ukurasa ni uleule; mwisho wa anwani yake ya mtandaoni, baada ya alama ya kuuliza, yeye huchomeka jina la mgeni na meza yake, nayo kadi ikifunguliwa humwita kwa jina hilo.

"Na mama yako, yule pale benchini?" Mashavu akamnong'oneza bi harusi.

"Jina, andika Mpishi. Meza, jikoni."

Pale benchini, simu ya mama yake, Bi Salama, ikalia. Akasoma polepole, "Karibu, Mpishi," akacheka. "Mwanangu, nimeletewa ya mtu mwingine!"

"Ni yako, mama. Wakwe nimewaambia ulishakufa."

Bi Salama akaifunga kadi. Akapangusa kioo cha simu kwa ncha ya kanga, akaifungua tena, akingoja imwite kwa jina lake.